Tulipowapeleka watoto wa Kangundo kwenye tamasha la vitabu Nairobi

Wazazi wa shule yetu wanayajua matamasha ya muziki na drama. Hayo wameyazoea: watoto wanafanya mazoezi muhula mzima, wanapanda basi, wanaimba, wanarudi na cheti au mikono mitupu. Kwa hiyo nilipowaeleza mkutanoni kwamba nataka kuwapeleka watoto wa Gredi ya 4 na ya 5 kwenye tamasha la fasihi Nairobi, mzee mmoja wa kamati aliinua mkono. "Mwalimu, na huko wataimba nini?" Nikamjibu kwamba hawataimba, watawasikiliza watu wanaoandika vitabu. "Halafu?" Halafu watarudi nyumbani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, ila nilijua kazi ninayo.

Shule yetu ni ya umma, iko upande wa Kangundo, kaunti ya Machakos, na basi haina. Mimi nafundisha Kiswahili. Naandika haya kwa ajili ya mwalimu au mzazi anayewaza safari ya namna hii, kwa sababu mimi mwenyewe niliuliza huku na kule kabla ya kwenda na karibu kila mtu aliniambia tu, "Ni nzuri sana, nendeni."

Nairobi haikosi shughuli za vitabu. Kila Septemba kuna Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu pale Sarit, Westlands, yanayoandaliwa na chama cha wachapishaji. Huko utakuta vibanda na mauzo, na mabasi ya shule hujaa. Kuna Macondo, lililoanza mwaka 2019 katika Kenya National Theatre, ambalo ni la watu wazima zaidi. Na tangu 2022 kuna NBO Litfest ya Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka ili kuzifufua maktaba kongwe za jiji. Hilo hufanyika ndani ya maktaba za umma zenyewe: McMillan katikati ya mji, na Kaloleni na Makadara upande wa Eastlands. Sisi tulitaka la maktabani. Mtoto ambaye shuleni kwao maktaba ni sanduku la mbao chini ya meza ya mwalimu, nilitaka aione maktaba, akae ndani yake, ajue ni mahali pa watu kama yeye.

Karatasi zilituchosha kabla ya barabara. Shule ya umma haitoki tu. Mwalimu mkuu anaandika barua kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, mnangoja kibali, na wakati huohuo mnawaandikia waandaaji kuomba nafasi, kwa maana vipindi vya watoto hujaa mapema. Anza na barua ya waandaaji. Ukiwa na jibu lao lenye tarehe na saa, kibali hutoka upesi zaidi, maana ofisa anaona kuna mtu upande wa pili anayewangoja. Fomu za wazazi nazo zitume mapema na uzifuatilie mlango kwa mlango, la sivyo asubuhi ya safari utakuwa na mtoto aliyevaa sare safi, amepakwa mafuta anang'aa, na hana sahihi.

Kwenye mkutano wa pili mama mmoja aliuliza kuhusu usalama. Alitaja Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi lililoshambuliwa na magaidi. Walimu wenzangu walitaka kulipita swali lile haraka, lakini mama hakuwa amekosea hata kidogo. Tarehe 21 Septemba 2013, mshairi Kofi Awoonor wa Ghana alikuwa Nairobi kwa ajili ya tamasha la fasihi, Storymoja Hay, lililokuwa likifanyika Makumbusho ya Taifa. Aliuawa Westgate siku hiyo, na tamasha likakatizwa. Huwezi kumwambia mzazi "usijali" mbele ya jambo kama hilo. Nilichofanya ni kumweleza mpango: mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi sita, hakuna mtoto anayekwenda chooni peke yake, hesabu ya watoto kila tunapopanda na kushuka, na namba yangu ya simu imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mmoja. Jina la mtoto hatukuliandika kifuani. Mgeni akimwita mtoto kwa jina lake, mtoto anadhani wanajuana. Mama yule alisaini, na siku ya safari akaja nasi kama mzazi msaidizi. Ndiye aliyekuwa mkali kuliko sisi sote.

Sasa pesa. Basi la viti 33 kwenda na kurudi lilikuwa shilingi 16,500. Chakula cha watoto 28 na watu wazima watano tulikikadiria kwa 4,000: chapati, mayai, ndizi na maji. Tukaweka 2,000 ya dharura na 3,000 ya vitabu. Jumla 25,500. Tuliomba shilingi 400 kwa kila mtoto, na waliolipa zote walikuwa kama nusu. Wengine walileta mia, mia na hamsini, na mmoja alileta mayai, ambayo tuliyachemsha tukayala njiani. Pengo lilipoonekana nilimwendea mheshimiwa mmoja, akaahidi. Mpaka leo bado anaahidi. Waliotuokoa ni wanafunzi wa zamani wa shule, wengi wao wakiwa mafundi, walinzi na wauzaji dukani huko huko Nairobi, waliochanga kidogo kidogo kwa M-Pesa baada ya mmoja wao kusambaza picha ya lile sanduku letu la vitabu.

Kuhusu nani aende, tuligombana kwenye ofisi ya walimu. Wapo waliotaka wale wa namba moja mpaka ya kumi, kama zawadi. Mimi nilitaka wanaoazima vitabu kutoka kwenye sanduku, na baadhi yao kwenye mtihani ni wa mkia. Bado naamini nilikuwa sahihi. Mtoto wa namba moja atakwenda Nairobi siku nyingi katika maisha yake, kwa njia nyingi. Yule anayesoma kitabu kilekile mara tano kwa sababu vingine vimechanika ndiye anayestahili kuona rafu nzima.

Jambo ambalo ningemsihi kila mwalimu ni hili: watoto wakutane na kitabu kabla ya kukutana na mwandishi. Waandaaji walipotutumia jina la mwandishi wa kipindi chetu, tulinunua nakala mbili za kitabu chake na kukisoma darasani kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, wiki kadhaa. Tukachapisha pia hadithi kutoka African Storybook, ambazo hupatikana bure mtandaoni, za Kiswahili na za Kikamba, ili masikio yao yazoee kusomewa. Siku ya tamasha niliiona tofauti kwa macho yangu. Nyuma yetu walikaa watoto wa shule nyingine, wamevaa sweta nzuri, wamekuja na basi lao wenyewe. Hawakuwa wamekisoma. Mwandishi alipofungua ukurasa wa kwanza, wetu walianza kunong'ona maneno pamoja naye, na wale wa nyuma wakawa wanahesabu feni za darini.

Asubuhi yenyewe ilianza vibaya. Basi tulilolikagua na kulilipia nusu halikuja. Lilikuja lingine, la mwenye basi yuleyule, lenye viti viwili visivyo na mikanda, na lilichelewa zaidi ya saa nzima. Tulibishana na dereva barabarani huku watoto wakitazama. Mwishowe tulikaa watu wazima kwenye viti vile. Wewe ukikodi, piga picha namba ya gari na stika ya ukaguzi, na kwenye makubaliano iandikwe kwamba ni gari hilo na si lingine. Usilipe salio mpaka mmerudi.

Tena, wasinywe chai ya maziwa kabla ya kuondoka. Chai ya maziwa na barabara ya Kangundo havipatani. Tulikuwa hatujafika Kamulu watatu walikwishatapika, na kufika Ruai walikuwa sita, wengi wao watoto ambao hawajawahi kukaa ndani ya gari zaidi ya nusu saa. Wape uji mwepesi au mkate mkavu, beba mifuko na maji ya kunawa, na wenye matumbo dhaifu wakae mbele. Njiru tukakutana na foleni, ikatusindikiza mpaka Outering.

Hapo ndipo niliposhukuru kwamba kipindi chetu kilikuwa Kaloleni. Wote tulikuwa tumetaka McMillan, kwa sababu ya simba wawili wa mawe wanaokaa mlangoni; kila aliyewahi kufika Nairobi huwataja. Lakini kwa mtu anayetoka upande wetu, Kaloleni na Makadara ziko kando ya Barabara ya Jogoo, unazifikia kabla hujaingia kwenye vurugu za katikati ya mji. Na Kaloleni ina mambo yake. Mtaa ule ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walishiriki kuujenga. Ukumbi wake ulipewa jina la utani "House of Commons", kwa jinsi wanasiasa wa kupigania uhuru walivyokuwa wakikutana pale. Maktaba ni ndogo, ina mwanga, na watoto wa mtaa huingia na kutoka kama kwao. Wetu walisimama mlangoni wamejipanga mstari, wakingoja kuambiwa. Mtoto wa Kaloleni wa miaka sita hivi aliwapita katikati, akachukua kitabu, akalala chali kwenye mkeka na kuanza kusoma. Ilibidi niwaambie wetu, "Hata nyinyi mnaweza." Hawakuniamini mara moja.

Mtambaji alifungua kwa "Hadithi, hadithi!" na hakuna aliyejibu. Watoto wa shule yetu wamefundishwa kwamba mgeni akizungumza unanyamaza na mikono unaikunja. Alirudia, akarudia tena, mpaka akamwendea mmoja mmoja akiwachokoza kwa sauti ya fisi. Walipofunguka, hawakufungika tena. Kama una muda, wazoesheni kuitikia huko shuleni, msije mkapoteza robo ya kipindi mkiwayeyusha.

Halafu yakaja maswali kwa mwandishi. Tulikuwa tumeyaandaa darasani, na ni hapo nilipoona mtihani umetufanya nini. "Dhamira ya kitabu chako ni nini?" "Taja mbinu mbili za lugha ulizotumia." Mama wa watu alijibu kwa upole, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi. Kilichookoa mambo ni msichana wa Gredi ya 4 ambaye hakuwa na swali kwenye karatasi. Alitaka kujua yule mbuzi wa hadithini kwa nini hana jina. Mwandishi akashtuka, akasema hajui, na wakaanza kumpa mbuzi majina, ukumbi mzima. Kisha mvulana mmoja akauliza, "Unalipwa pesa ngapi?" Walimu tukatazama chini. Mwandishi akajibu bila kuficha: kitabu kikiuzwa shilingi mia tatu, yeye anapata kama thelathini, na mara nyingi anaipata mwaka unaofuata. Mvulana akafikiri. "Basi uza mwenyewe." Mwandishi alicheka mpaka akavua miwani.

Lugha ni jambo la kuuliza mapema. Matamasha mengi ya Nairobi bado huzungumza Kiingereza kwanza, tena Kiingereza cha haraka. Kipindi chetu kilichanganya, na kila kilipohamia Kiingereza niliona macho ya watoto wangu yakizima, na kilipowaingizia Sheng yakawaka kidogo, hata kama nusu ya maneno hawakuyajua. Andika kwenye barua yako ya kwanza kabisa kwamba mnaomba cha Kiswahili. Waandaaji hawawezi kukisia.

Meza ya vitabu ilikuwa sehemu ngumu kwangu. Mtoto mmoja alikuwa na noti ya elfu moja kutoka kwa mjomba wake. Wengi walikuwa na shilingi hamsini au hawakuwa na kitu, na kitabu cha picha cha bei nafuu ni mia mbili na hamsini hivi. Bei hizo zina kodi ndani yake. Tangu Sheria ya VAT ya mwaka 2013 vitabu vimekuwa vikitozwa asilimia 16, na wachapishaji wamelalamika tangu hapo. Lakini huwezi kumweleza hayo mtoto wa miaka kumi aliyeshika kitabu na kukirudisha, akakishika tena. Zile 3,000 tulizotenga ndizo zilizotuondoa kwenye aibu. Tulitangaza kwamba ni za sanduku la darasa na kwamba wao ndio wachaguzi. Waligombana kama madalali wa sokoni. Kile nilichokipenda mimi, chenye mafunzo mengi ya tabia njema, walikikataa kwa kauli moja. Wakachagua cha mizuka, viwili vya wanyama, cha mpira, na kitabu kimoja cha mapishi ambacho mpaka leo sijui kiliingiaje. Mwenye elfu moja tulizungumza naye pembeni. Akanunua chake, na chenji akaipeleka nyumbani. Kama kuna namna ya kufanya wazazi wasiwape watoto pesa binafsi, ifanyeni.

Baada ya chakula tulikwenda McMillan. Mpango ulikuwa hivyo tangu mwanzo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuufuta. Basi haliwezi kuegeshwa Mtaa wa Banda, kwa hiyo tulishushwa mbali tukatembea wawili wawili tumeshikana mikono, katikati ya wachuuzi na honi, mimi nikihesabu vichwa kila kona. Simba waliwaona. Jengo lilifunguliwa mwaka 1931, kwa kumbukumbu ya McMillan aliyekuwa mlowezi tajiri, na hadi mwaka 1958 lilikuwa la Wazungu peke yao. Niliwaambia hayo pale kwenye ngazi. "Kwa hiyo babu angekuja angefukuzwa?" mmoja akauliza. Nikamwambia ndiyo. "Akiwa amevaa viatu?" Hata akiwa amevaa viatu. Akaingia na kukalia kiti cha kwanza alichokikuta, akakataa kukihama tulipotaka kuwatembeza.

Kwa ujumla, lakini, mchana ule ulikuwa mzito. Watoto waliamka saa kumi usiku. Wawili walilala juu ya meza za kusomea, mmoja alilia bila sababu, na sisi walimu tulikuwa tunagombeza kuliko tunavyofundisha. Kipindi kimoja, chakula, vitabu, nyumbani: hiyo ingetosha kabisa kwa watoto wanaotoka mbali. Tulirudi Kangundo giza limeingia na wazazi wamejaa barabarani na tochi za simu, na wawili kati yao hawakunisalimia. Saa ya kurudi unayowatangazia wazazi, iongeze saa nzima juu ya ile unayoiamini.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na familia yangu: watoto wangu, wa dada yangu, na mama mkwe, kwa matatu. Siku ya familia ni nyepesi zaidi. Hakuna barua wala foleni ya sare, unaweza kuondoka ukichoka, na mdogo wetu wa miaka mitatu alimaliza saa nzima kwenye meza ya rangi bila kujali mwandishi gani anasoma wapi. Fikeni mapema, kabla mikeka haijajaa, na mbebe chakula chenu. Mama mkwe alikuwa amekuja kwa kunisaidia kubeba mtoto tu. Kipindi kimoja kilipokuwa bado hakijaanza, alimsimulia mjukuu wake kisa cha fisi kwa Kikamba, na taratibu watoto wengine wakasogea, wengi wao wasiojua Kikamba hata neno. Sauti ya fisi waliielewa. Kama mna bibi au babu mwenye hadithi, msimwache nyumbani.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu amenipigia hesabu nyingine: kwa pesa ya basi lile, tungeweza kumleta mwandishi mmoja shuleni, tumlipe nauli, chakula na kitu cha mkononi, na watoto wote wa shule wamsikie badala ya 28. Hesabu yake haina dosari. Lakini mwandishi akija kwetu haji na rafu, wala na yule mtoto wa Kaloleni aliyelala chali. Tumekubaliana kujaribu yote mawili mwaka ujao, mwandishi muhula wa kwanza na safari baadaye, Gredi ya 4 peke yake. Barua kwa waandaaji nimekwisha kuiandika. Nimeomba kipindi kimoja tu, cha Kiswahili, cha saa nne asubuhi, Kaloleni au Makadara, na watuambie mapema kitabu ni kipi.